Nyufa Tatu za Jiko la Bibi

Jiko la kuni la nyumba yetu lina umri unaowazidi wengi wa wanaolitumia. Ni pipa pana la bamba la chuma lenye unene wa milimita 5. Lina mlango wa kutilia kuni upande wa mbele, wavu wa chuma ndani wa kupitishia jivu, shingo ya dohani nyuma, na juu ukingo unaobeba sufuria. Bibi alilipata zama alipokuwa akipika kwa ujira katika harusi na hitima za mji, na hata leo hushikilia kwamba bamba lake lilikatwa kutoka katika meli iliyokuwa ikivunjwa. Ushahidi wa hilo hatuna, wala hapana katika sisi aliyethubutu kumwomba. Mwaka huu, siku 12 kabla ya harusi ya binti wa ami yetu, jiko hili lilikuwa na nyufa tatu, na kila ufa ulidai jawabu lake peke yake.

Twawaandikia wasomaji wetu habari hizi kwa kuwa majiko ya namna hii yamo katika nyua nyingi za pwani yetu. Kila mtaa una moja au mawili makubwa yanayozunguka kutoka shughuli hadi shughuli, na aghalabu hayana mwenye kuyaangalia. Likipasuka, hupelekwa kwa yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, akalitia mshono juu ya ufa, nalo likarudi kazini jioni ile ile. Watu huridhika, maana sote tumelelewa na methali ya ufa na ukuta. Walakini methali ile imesema habari za nyumba, na ukuta wa nyumba hausogei. Chuma cha jiko husogea kila siku ya kupikwa, na mtu akikiziba pasipo kukipa nafasi ya kusogea, kitaitafuta nafasi hiyo mahali pengine.

Kusogea huku si maneno ya kupamba. Chuma kikipata moto hutanuka, na kiasi chake chajulikana: kila mita moja hurefuka kwa takriban milimita 1.2 joto linapopanda kwa nyuzi 100 za selsiasi. Jiko letu lina upana wa sentimita 60. Sehemu yake ya juu, pale ndimi za moto zinapolamba, ikipanda kwa nyuzi 500, upana ule huongezeka kwa zaidi ya milimita 3 na nusu. Chini, kwenye jivu, chuma ni cha joto la wastani na kimebaki karibu na kipimo chake cha asili. Basi pipa ni moja, lakini juu lataka kuwa pana na chini lataka kubaki kama lilivyo. Moto ukizimwa, juu hurudi. Harusi moja hufanya hivyo mara mbili au tatu, na miaka 30 ya harusi hufanya hivyo mara nyingi mno. Mtu aliyepata kukata waya wa chuma kwa kuukunja huku na huko kwa vidole hahitaji maelezo zaidi.

Ufa wa kwanza ulikuwa katika pembe ya mlango wa kuni, upande wa kulia, ukipanda mshazari kama kidole kirefu. Wa pili ulizunguka nusu ya shingo ya dohani. Wa tatu ulilala chini ya ukingo wa juu, urefu wake kama shibiri moja, na mdomo wake wa juu ulikuwa umeshuka kidogo ndani ya ule wa chini. Ufa huu wa tatu ndio uliotuogofya. Ufa wa pembeni hutoa moshi na ufa wa dohani hutoa masizi, lakini ukingo ndio unaobeba. Sufuria ya kilo 30 za mchele, pamoja na nyama yake na maji yake, hupita kilo 100, na siku ya shughuli watoto hawaondoki uani hata wafukuzwe na nani. Kila mmoja wetu aliuona ufa ule, kisha akatazama mahali watoto wanapochezea.

Nyumbani hapakukosa rai. Mdogo wetu wa mwisho, aliyesoma Nairobi, alitaka jiko liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu na harusi ipikwe kwa majiko ya gesi ya kukodi. Hoja yake si ya kubezwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na sisi wenyewe chakula cha kila siku twakipika kwa gesi. Ami kwa upande wake alisema, "Liiteni fundi lipigwe mshono, kwani mara ngapi limeshapigwa?" Bibi hakusema neno. Aliomba kiti chake kitolewe uani, akakaa mbele ya jiko, akapitisha kidole juu ya ukingo mahali zilipogongwa herufi mbili za jina la marehemu babu yetu. Herufi zile ziligongwa na mhunzi siku jiko lilipokabidhiwa, ili lisipotee katika kuazimana.

Hoja ya Ami ilijibiwa na jiko lenyewe. Shingo ya dohani ilikwisha kupigwa mshono mwaka juzi, jiko lilipokuwa limeazimwa mtaa mwingine. Walioliazima walifanya kwa nia njema na haraka nyingi, na fundi wao, ambaye hatumjui, aliweka mstari mnene wa chuma kilichoyeyushwa juu ya ufa mwembamba. Ufa ule haukufunguka tena. Ulifunguka mwingine, unene wa kidole kando yake, ukiufuata ule mstari kwa uaminifu kama mtoto anayefuata ukuta gizani.

Kabla ya kumwita mtu yeyote tulitaka kujua nyufa zinafika wapi, kwa maana jicho halioni ncha ya ufa. Njia tuliyoitumia ni ya kale na haina gharama, na twaipendekeza kwa kila mwenye jiko. Jiko liwe baridi kabisa. Lisuguliwe kwa brashi ya waya ndani na nje, masizi na kutu vitoke. Kwa nje pakwe chokaa nyembamba iliyokorogwa kwa maji, iachwe ikauke iwe nyeupe. Kisha kwa ndani pakwe mafuta ya taa kwa kitambaa, ungojewe muda wa nusu saa au zaidi. Mafuta ya taa hupenya penye upenyo mdogo kuliko unywele, nayo huchora ufa juu ya ile chokaa, mstari wa rangi ya maji ya chai. Ufa wetu wa mlangoni, tuliodhani unakomea kidoleni, ulionekana umekwenda mbele zaidi kwa sentimita 2. Baada ya hapo mafuta yafutwe, jiko lioshwe kwa sabuni na likae juani siku nzima kabla ya moto wowote kulikaribia.

Kwa ufa wa dohani tulitumia kijiti cha udi. Moto mdogo ukiwa unawaka na dohani ikivuta vyema, moshi wa udi ukisogezwa kwenye ufa huingia ndani, kwa kuwa dohani hufyonza hewa kupitia kila upenyo. Ukisukumwa nje, basi dohani imeziba au upepo unaisukuma chini, na hapo moshi wa jiko nao watoka kwa njia ile ile. Moshi unaoonekana si wa kuogopwa peke yake. Mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo ndani ya chumba kilichofungwa huua. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakaona kizunguzungu na kichefuchefu jiko likiwaka, waondoke wote nje kwanza. Mengine yafuate baadaye. Jiko letu hukaa uani, chini ya paa lililo wazi pande tatu, na hiyo ndiyo sababu tulipata nafasi ya kushauriana kwa utulivu.

Fundi tuliyempata ni mzee, mwenye karakana ndogo na masikio makali. Twataja masikio kwa kuwa kazi yake ya kwanza haikuwa kuangalia. Alichukua nyundo ndogo akaligonga pipa taratibu kuanzia chini, akizunguka. Chini lililia kama kengele. Kwenye mlango sauti ilitetereka. Alipofika chini ya ukingo, sauti ilikufa, ikawa kama ya mtungi uliopasuka. Akatoboa hapo tundu jembamba kwa keekee, akapima unene kwa kijiwaya kilichokunjwa ncha. Bamba la milimita 5 lilikuwa limebaki milimita 2.

Hapo alitueleza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Chuma cha kawaida kikikaa katika joto la kupindukia nyuzi 500 huanza kuchubuka magamba, yale maganda meusi tunayoyakuta katika jivu. Kila gamba lililoanguka lilikuwa chuma. Na kikifika nyuzi 600, pale kinapotoa wekundu hafifu uonekanao usiku, nguvu zake hupungua hata chini ya nusu. Kwa hiyo mahali pale palikuwa pamekonda, na kila palipopata moto palidhoofika, na juu yake tuliketisha kilo 100. Ufa wa tatu haukuwa wa kutanuka tu. Chuma kilikuwa kinalegea na kushuka chini ya mzigo, kidogo kidogo, shughuli baada ya shughuli.

"Huu sichomelei," alisema. "Nikiutia moto wa mashine utatoboka, na usipotoboka utashika kwa wiki moja. Ni kutia kiraka cha turubai kwenye shela."

Bibi akamuuliza, "Wataka kufanyaje, fundi?"

"Bi Mkubwa, nitakata. Shibiri nzima ya juu itoke."

Tulinyamaza sote, maana herufi za babu zilikuwa katika shibiri hiyo. Fundi alizigundua macho yetu yalipokwenda. Akasema aweza kukata kipande chenye herufi akakichomelea kwenye mkanda mpya, pawe na ukumbusho pale pale. Bibi alifikiri kwa muda wa kumaliza kahawa yake. "Kate," alisema, "lakini hicho kipande kisirudi motoni. Kimefanya kazi ya kutosha."

Tuanze na ufa wa mlango, ambao ndio kazi yake ilikuwa ya kufundisha zaidi. Mlango ulikatwa zamani kwa pembe kali za mraba. Nguvu inayopita katika bamba ikikuta tundu huzunguka kando yake, na penye pembe kali hujikusanya yote mahali pamoja. Mshoni wa kanzu anajua jambo hili: shingo hukatwa mviringo, maana kitambaa kilichokatwa kwa pembe huanza kuchanika hapo kwenye pembe. Fundi alitoboa tundu la milimita 6 mbele kidogo ya ncha ya ufa, ile ncha iliyoonyeshwa na chokaa na mafuta ya taa, ili ufa ukifika hapo ukute mviringo na ukose pa kushika njia. Kisha akausaga ufa wote kwa mashine, akaufanya mfereji wenye umbo la V karibu kufika upande wa pili, kwa kuwa chuma kilichoyeyushwa kikilala juu tu ya ufa hakishiki mzizi wake. Ndipo akachomelea, sentimita 3 hivi kwa mara, akaacha, akagonga mshono kwa nyundo ndogo ungali moto, akangoja hadi mkono uweze kukaribia, akaendelea. Kijana wa nyumbani alileta ndoo ya maji ili kuharakisha. Fundi aliisukuma kando kwa mguu pasipo kumtazama. Chuma kikimwagiwa maji kikiwa moto hunywea kwa ghafla upande mmoja, na huo ni mwanzo wa ufa mwingine. Mwisho alizisaga pembe zote nne za mlango zikawa mviringo, hata zile tatu zilizokuwa hazijapasuka. Tundu dogo la ncha ya ufa aliliacha wazi. Hewa inayoingia hapo ni kidogo, na karibu na mlango haina madhara.

Haya ni ya bamba la chuma cha kawaida. Wenye majiko mazito ya chuma cha kusubu, kile kilichomiminwa katika kalibu, wasiyachukue kama yalivyo. Chuma hicho ni kigumu na kikavu, hupasuka kwa urahisi, na kukichomelea kwataka vijiti vya namna nyingine, kukipasha moto kwanza, na kukipoza polepole mno. Fundi asiyeuliza kwanza jiko ni la chuma gani apewe shukurani yake na aage.

Shingo ya dohani haikuchomelewa kabisa. Dohani yetu ni bomba la bati lililopakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa mafusho meupe yanayomletea mchomeleaji homa na kifua. Fundi alikataa, nasi tulifurahi kwamba alikataa. Hata pasipo zinki, bomba jembamba lililoshikamanishwa na bamba nene halipati moto kwa kasi moja nalo, kwa hiyo litagombana nalo daima. Alisaga ule mshono mnene wa mwaka juzi ukatoka wote. Akafanya shingo fupi ya bamba zito, na bomba sasa laingia ndani yake kama kidole katika pete pana. Nafasi inayobaki yazibwa kwa udongo wa ufinyanzi uliochanganywa na mchanga na jivu lililochungwa. Udongo huo hupasuka na kudondoka, nao hubandikwa upya. Hiyo ndiyo kazi yake. Ni nafuu udongo wa kopo moja upasuke kuliko chuma.

Baada ya kukata, palibaki swali la kubeba. Hapa fundi alitupa jawabu ambalo Bibi alicheka alipoliona. Alitengeneza miguu mitatu ya bomba nene inayosimama juu ya sakafu, nje ya pipa, na juu yake duara la chuma chenye unene wa milimita 12. Sufuria yakaa juu ya duara hilo. Pipa limeingia chini yake na haligusani nalo, pana nafasi ya kidole kizima kuzunguka. Mzigo washuka ardhini kwa miguu mitatu, na pipa limebakiwa na kazi moja tu, kushika moto. "Haya ni mafiga," alisema Bibi. "Mumetoka huko mkarudi kwenye mafiga." Na ni kweli. Mawe matatu yaliyopikiwa na mabibi zake hayakupata kupasuka kwa sababu ya uzito, kwa kuwa kila moja lilitanuka kivyake na hakuna lililofungwa kwa jenziwe. Ili moto usipotee katika uwazi wa juu, fundi alizungusha mkanda wa bamba wa vipande viwili vinavyopishana ncha, havikuchomelewa pamoja, viteleze vinavyotaka.

Kwa ndani tulipanga matofali ya moto, pasipo saruji. Kati ya matofali na bamba tuliacha nafasi nyembamba tukaijaza jivu kavu, kwa kuwa jivu huzuia joto na papo hapo huacha chuma na tofali zisogee kila kimoja kwa kadiri yake. Hili si jipya kwa Mkenya. Jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, limesimama juu ya kanuni hiyo: udongo uumie na moto, bati lishike udongo. Ubaya wake upo, na tuuseme. Matofali hunywa joto la kwanza, kwa hiyo maji ya mwanzo huchelewa kuchemka. Faida huja mwisho, wakati wa kupalia pilau, kwani jiko hubaki na moto wa upole muda mrefu baada ya kuni kutolewa.

Saruji tumeikataza kwa sababu zake. Watu wengi huziba nyufa za jiko kwa saruji ya kujengea, nayo katika moto hupoteza maji yake, ikawa unga, na pengine hupasuka ikarusha vipande. Gundi za chuma zinazouzwa katika vikopo viwili nyingi zake huungua katika joto la jiko na kutoa moshi mbaya, na juu yake pana chakula cha watu. Vipande vya mabati ya paa vina ile ile zinki tuliyoitaja. Na anayetaka kutengeneza jiko jipya kutokana na pipa la mafuta asikubali likatwe kwa moto wala kwa mashine kabla halijaoshwa na kutolewa mvuke wote, kwa maana pipa linalodhaniwa tupu limejaa mvuke wa mafuta, nalo hulipuka.

Jambo moja twalisema kwa watu wa pwani hasa. Chumvi. Hewa yetu yenyewe ina chumvi, hilo halina dawa, lakini kuni tunazochagua ni hiari yetu. Magogo yaliyookotwa ufuoni na mbao za vyombo vilivyovunjwa huwaka vizuri, na nyingine hutoa ndimi za rangi nzuri, lakini zimeshiba maji ya bahari, na chumvi hiyo katika moto hula chuma kwa kasi. Twatumia mvinje uliokauka, matawi ya mwembe na makumbi ya nazi. Na jivu lisiachwe ndani jiko likiwekwa akiba. Jivu hunyonya unyevu wa msimu wa mvua na kuushikiza kwenye chuma siku na usiku. Sisi hulitoa lote, tukapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia jiko lingali na vuguvugu, tukaliinua juu ya mawe, tukalifunika kwa gunia. Karatasi ya nailoni hatuitumii, maana hufungia jasho ndani.

Moto wa kwanza ulikuwa siku tatu kabla ya harusi, wa vijiti tu, ukaachwa ufe wenyewe. Kesho yake ukaongezwa. Siku ya tatu tukaweka sufuria ya maji matupu, imejaa hadi shingoni, watoto wakiwa wamepelekwa nyumba ya pili, na tukasikiliza. Pipa lilitoa mlio mmoja, tik, lilipokuwa likipata moto, na mwingine lilipopoa. Miguu haikuyumba. Siku ya harusi sufuria ya kwanza ilipanda baada ya alfajiri na ya tatu ikashuka kabla ya adhuhuri. Udongo wa shingo ya dohani ulidondoka wakati wa sufuria ya pili, kama tulivyoambiwa. Mdogo wetu aliyetaka gesi ndiye aliyeubandika upya, akiwa na suti ya harusi, mikono imepakaa hadi viwikoni.

Tangu hapo tumeipaka pembe ya mlango chokaa na mafuta ya taa mara mbili, na mara zote mbili imebaki nyeupe. Kipande chenye herufi za babu kimesuguliwa, kimetiwa mafuta na kimetundikwa ukumbini juu ya saa. Jirani ameomba jiko kwa hitima ya mwisho wa mwezi, na Bibi ameridhia, ila ameamuru matofali yasisafiri ndani ya pipa. Yatakwenda katika kapu lake, yote 14, na aliyeazima atayahesabu mbele yake wakati wa kuyachukua na wakati wa kuyarudisha.